Mganga na Mwenye Kumlipa: Karne ya Tiba Ufuoni mwa Mbita

Mji wa Mbita umekaa pale ambapo Ghuba ya Winam inafunguka kuingia Ziwa Viktoria. Kisiwa cha Rusinga kiko mbele yake, na Mfangano huonekana mbali zaidi upande wa magharibi. Ni mji wa wavuvi, wachuuzi wa omena, wahudumu wa boti na watafiti wa wadudu, katika Kaunti ya Homa Bay. Una hospitali ya serikali, na una kliniki za kulipia zilizopangana na maduka ya dawa kando ya barabara. Kati ya hospitali hiyo na kliniki hizo kuna swali ambalo nchi nzima ya Kenya imekuwa ikijiuliza kwa miongo kadhaa: kwa nini daktari aliyesomeshwa kwa kodi ya wananchi huiacha wodi ya umma na kwenda kuwahudumia wachache wanaoweza kumlipa wenyewe? Wengi hujibu upesi kwamba ni tamaa. Historia ina jibu refu zaidi. Katika kila zama mganga alimfuata yule aliyemlipa na kumpa nafasi ya kutibu, na kila mlipaji alipolegea, mganga alihama.

Kabla ya utawala wa kikoloni, tiba katika ufuo huu ilikuwa kazi ya watu waliojulikana kwa majina na kwa koo zao. Abasuba, waliohamia visiwani na pwani hii kutoka upande wa Uganda, waliishi jirani na Wajaluo, wakaoana nao na hatimaye wakachukua sehemu kubwa ya lugha yao. Miongoni mwa watu hawa nyamrerwa alijua mizizi na majani, alizalisha akina mama na kutunza watoto wachanga. Ajuoga naye alishughulikia maradhi yaliyodhaniwa kutokana na laana, mizimu au uadui wa jirani. Malipo yalikuwa kuku, nafaka, samaki au mbuzi, na mara nyingi sehemu kubwa ilitolewa baada ya mgonjwa kupona. Mganga aliishi katikati ya watu aliowatibu. Alizijua nyumba zao, vifo vyao na ugomvi wao. Uhusiano huo ulikuwa na mipaka yake, kwa kuwa ujuzi ulifichwa ndani ya ukoo na maskini asiye na mbuzi hakuwa na sauti kubwa. Hata hivyo mambo mawili yaliyopatikana wakati huo, muda wa kumsikiliza mgonjwa na kumjua kwa karibu, ndiyo yatakayokuja kuuzwa kwa bei ghali karne moja baadaye.

Reli kutoka Mombasa ilifika ziwani Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence, ambapo leo ni Kisumu. Mwezi wa Aprili 1902 eneo lote hili liliondolewa Uganda na kutiwa katika Himaya ya Afrika Mashariki. Wakati huohuo ugonjwa wa malale ulikuwa ukienea kando ya ziwa. Ndugu Albert na Jack Cook, madaktari wa misheni ya Mengo, waliutambua Uganda mwaka 1901, na katika miaka michache iliyofuata ulikuwa umeua zaidi ya watu 200,000 katika nchi hiyo. Ufuo wa mashariki haukusalimika. Visiwa na vijiji vya Suba, nchi ya Abasuba, vilipoteza watu wengi, na Bonde la Lambwe, kusini mwa Mbita, likawa pori la mbung'o ambalo watu waliliogopa kwa vizazi. Sehemu ya bonde hilo ilitengwa kuwa hifadhi ya wanyama mwaka 1966, na ndiyo Mbuga ya Taifa ya Ruma ya leo. Janga hili liliwaonyesha watu wa ziwani sura ya kwanza ya tiba ya serikali. Ilikuja na tume za uchunguzi na amri za kuhama, kwa kuwa serikali iliogopa kupoteza nguvu kazi na walipa kodi. Mlipaji mpya wa tiba alikuwa dola, na dola ilitibu kwanza kile kilichotishia maslahi yake.

Katika miaka hiyohiyo tiba ya kulipia ilianza mijini. Daktari Rozendo Ribeiro, Mgoa aliyefika Nairobi mwanzoni mwa karne ya 20, anakumbukwa kama daktari wa kwanza wa binafsi katika mji huo. Alianza katika hema, akawatembelea wagonjwa akiwa amepanda punda milia aliyemfuga, na mwaka 1902 alitoa taarifa ya tauni katika soko la Wahindi, soko ambalo wakuu wa serikali waliliteketeza kwa moto. Madaktari wa serikali wenyewe waliruhusiwa kutibu walowezi kwa malipo nje ya kazi yao, mradi shughuli hiyo isizuie wajibu wao. Ruhusa hiyo ilikuwa chambo cha kuwavuta madaktari kutoka Uingereza waje katika koloni ambalo mshahara wake peke yake haukutosha kuwashawishi. Basi desturi ya daktari mmoja kuwa na mabwana wawili, serikali asubuhi na mteja jioni, ilikuja pamoja na serikali yenyewe. Waliozaliwa baada ya uhuru waliirithi tu.

Wamisionari walileta mlipaji wa tatu. Wasabato walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906 wakiongozwa na Arthur Carscallen, na katika miaka ya 1920 hospitali yao ya Kendu ikawa kimbilio la wagonjwa kutoka sehemu nyingi za Nyanza Kusini. Mgonjwa wa Mbita au Rusinga alifika huko kwa mashua, akifuata ufuo wa ghuba kuelekea mashariki. Daktari wa misheni aliishi kwa posho ndogo iliyotoka kwa waumini wa ng'ambo, akatoza kidogo au hakutoza, na badala ya fedha akatarajia mgonjwa asikilize Injili. Nyanza ikazoea wazo jipya: daktari angeweza kutibu watu wengi asiowajua, wengi wao fukara, pasipo kufa njaa, maadamu kuna mtu mahali fulani aliyekubali kubeba gharama.

Vita Kuu ya Kwanza ilionyesha jinsi gharama hiyo ilivyokuwa imepuuzwa. Vijana wa Nyanza walichukuliwa kwa maelfu kubeba mizigo ya jeshi, na makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa, wengi zaidi kwa kuhara, malaria na nimonia kuliko kwa risasi. Baada ya vita serikali ilianza kujenga zahanati vijijini, zikisaidiwa na Mabaraza ya Wenyeji yaliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1924. Mwaka 1927 mafunzo ya wahudumu Waafrika yalianza rasmi Nairobi, katika taasisi ambayo leo ni Chuo cha Mafunzo ya Utabibu cha Kenya. Uganda, masomo ya udaktari ya Makerere yalikuwa yameanza Mulago mwaka 1924. Kwa upande mwingine, Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925 iliwatia waganga wa jadi katika kivuli cha shaka, kwa kuwa haikuwa rahisi kwa hakimu mgeni kutenganisha mganga na mchawi. Nyamrerwa aliendelea kuzalisha, ila sasa alifanya hivyo bila heshima ya dola. Zahanati yenye mpakaji dawa mmoja ikawa ndiyo uso wa tiba halali.

Kati ya mwaka 1945 na 1963 tiba nchini Kenya iligawanywa kwa rangi waziwazi. Hospitali ya Wazungu, ambayo leo ni Nairobi Hospital, ilifunguliwa mwaka 1954. Waasia walijenga zao, zikiwemo zile za jamii ya Aga Khan. Waafrika walipelekwa katika hospitali za serikali zilizojaa. Mgawanyiko huo uliingia hadi katika mishahara. Kijana mmoja ambaye ukoo wake ni wa Rusinga, Tom Mboya, alisomea ukaguzi wa afya katika Shule ya Jeanes, Kabete, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1950 akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Alifanya kazi ileile waliyofanya wakaguzi Wazungu, akalipwa sehemu ndogo tu ya walicholipwa wao. Siku moja akiwa ofisini peke yake akipima maziwa, mama Mzungu aliingia na chupa yake, akatazama huku na huku, akauliza kama kuna mtu yeyote humo. Mboya aliingia katika vyama vya wafanyakazi akiwa na uzoefu huo kifuani. Madaktari wachache Waafrika waliotoka Makerere walikutana na hali kama hiyo: vyeo vya usaidizi na malipo ya chini kuliko wenzao Wazungu. Manung'uniko ya mtaalamu wa afya juu ya mshahara wake yana umri mkubwa kuliko Jamhuri.

Uhuru ulipokuja, serikali mpya ilitaja maadui watatu, ujinga, umaskini na maradhi, na ikachukua hatua. Mwaka 1965 ada ya wagonjwa wa nje katika hospitali za serikali ilifutwa. Mwaka 1966 Hazina ya Taifa ya Bima ya Hospitali iliundwa kwa ajili ya watu wenye mishahara. Mwaka 1967 chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Nairobi kilipata kitivo cha udaktari, na katika miaka hiyo Kisumu ikajengewa hospitali kubwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti, hospitali ambayo wakazi wa Nyanza wanaiita Russia hadi leo. Kwa muda mfupi dola ilikuwa mlipaji mkuu, na kazi ya daktari wa serikali ilikuwa kazi ya fahari, yenye nyumba, gari na heshima. Lakini mbegu mbili za mabadiliko zilipandwa wakati huohuo. Ya kwanza ni Waraka wa Bunge Namba 10 wa mwaka 1965, ulioandaliwa chini ya Mboya akiwa Waziri wa Mipango ya Uchumi, ambao ulielekeza fedha za maendeleo zaidi kule zitakakozaa haraka: kwenye ardhi nzuri, mvua na njia za usafiri. Pembe za nchi kama Suba, zenye mbung'o na zisizo na barabara, hazikuwa mbele katika foleni hiyo, ingawa Mboya mwenyewe alizikwa Rusinga mwaka 1969. Mbegu ya pili ilikuja mwaka 1971, pale Tume ya Ndegwa ilipopendekeza watumishi wa umma waruhusiwe kufanya biashara zao binafsi. Daktari wa serikali mwenye kliniki yake mjini akawa mtu wa kawaida.

Jirani wa kusini alichagua njia tofauti, na tofauti hiyo inafundisha. Tanzania, ambayo mpaka wake na Kaunti ya Migori unapita Isebania, ilipiga marufuku tiba ya binafsi ya kutafuta faida mwaka 1977, ikitaka madaktari wote wafanye kazi kwa umma au kwa mashirika ya dini. Marufuku hayo yalidumu hadi mwaka 1991. Uchumi ulipodorora, dawa zikakosekana na mishahara ikaliwa na mfumuko wa bei, sheria peke yake haikuweza kujaza nafasi ya mlipaji. Ilimzuia daktari kuhama, ila haikumpa dawa wala sindano. Kenya iliyoruhusu na Tanzania iliyokataza zilijikuta, mwanzoni mwa miaka ya 1990, na hospitali za umma zenye upungufu unaofanana.

Miaka ya 1980 ilibadilisha Mbita kuliko muongo wowote uliotangulia. Kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, taasisi iliyoasisiwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, kilikua ufuoni na kuleta wanasayansi na ajira. Tuta la mawe liliunganisha Rusinga na bara. Zaidi ya yote, sangara aliyepandikizwa ziwani miongo miwili au mitatu kabla aliongezeka ghafla, viwanda vya minofu vikafunguliwa, na mvuvi ambaye baba yake alibadilishana samaki kwa mahindi sasa alishika noti kila asubuhi. Fedha taslimu ilikutana na zahanati isiyo na dawa. Mwaka 1988 sheria ya maafisa wa kliniki iliwapa matabibu hao usajili na leseni zao, na njia ya kufungua kliniki binafsi ikawa wazi. Hivyo ndivyo tiba ya kulipia ilivyofika katika fuo za Suba: chumba kimoja, kitanda kimoja, kabati la dawa, na tabibu aliyewahi kufanya kazi serikalini au aliyekuwa bado huko. Daktari mwenye shahada alikuwa Kisumu au Nairobi. Mji mdogo ulipata tabibu, na mji mkubwa ukapata daktari bingwa.

Kisha dola yenyewe ilirudi nyuma. Chini ya mashinikizo ya Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, Kenya ilianzisha uchangiaji wa gharama katika hospitali za serikali Desemba 1989. Ada zilisitishwa mwaka uliofuata kwa sababu ya malalamiko, kisha zikarudishwa hatua kwa hatua. Madhara yake yalipimwa mapema. Katika kliniki ya magonjwa ya zinaa ya Nairobi, katika miezi tisa ya ada, wastani wa wanaume waliofika kwa mwezi ulishuka hadi asilimia 40 ya ule wa awali, na wa wanawake hadi asilimia 65. Hayo yalitokea wakati Ukimwi ulikuwa unapanda, na hakuna mahali nchini ulipopanda kwa ukali kuliko ufuo wa ziwa, ambako biashara ya samaki ilizaa jaboya, desturi ya mwanamke mchuuzi kulazimika kutoa mwili wake ili auziwe samaki. Ada ikamzoeza mgonjwa wa serikali kulipa. Akishalipa kwenye dirisha la hospitali na bado akaambiwa dawa zimeisha akanunue nje, hakuona sababu ya kutokwenda moja kwa moja huko nje. Daktari naye aliona vivyo hivyo.

Mwaka 1994 madaktari wa umma waligoma kwa miezi kadhaa wakidai mishahara na haki ya kuwa na chama chao cha wafanyakazi. Serikali ilikataa kukisajili, na wengi walifukuzwa. Baadhi yao walikwenda Botswana, Afrika Kusini, Namibia na Uingereza, na wengine wakafungua kliniki. Kizazi kizima kilijifunza kwamba kuomba haki ndani ya wodi ya umma kunaweza kumgharimu mtu kazi. Mwishoni mwa muongo huo Ukimwi ulivuta fedha za wafadhili. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilianza kazi ya Ukimwi Homa Bay mwaka 1996, na mwaka 2001 lilianza kutoa dawa za kupunguza makali katika hospitali ya wilaya hiyo, miongoni mwa za kwanza za umma nchini kufanya hivyo. Mpango wa rais wa Marekani, PEPFAR, ulifuata mwaka 2003. Dawa hizo ziliokoa maisha ya watu wasiohesabika katika ufuo huu, na hilo lisemwe kwa shukrani. Hata hivyo miradi ililipa mishahara ambayo serikali haikuweza kuifikia. Madaktari na matabibu wengi walihama kutoka wodi za akina mama na watoto kwenda kwenye ofisi za miradi, na uhamaji huo ulionekana kidogo kwa sababu wahusika walibaki katika wilaya ileile, wakati mwingine katika uwanja uleule wa hospitali.

Kati ya mwaka 2004 na 2013 dola ilijaribu kurudi. Mwaka 2004 ada za zahanati na vituo vya afya zilipunguzwa hadi shilingi 10 na 20. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 43, iliutaja ule ubora wa juu wa afya unaoweza kufikiwa kuwa haki ya kila mtu, na ikawapa wafanyakazi wote uhuru wa kujiunga na vyama. Chama cha madaktari, KMPDU, kilisajiliwa mwaka 2011. Mwezi wa Juni 2013 huduma ya uzazi ilitangazwa kuwa bure katika hospitali za umma, na mwaka huohuo afya ikakabidhiwa serikali za kaunti. Kwa mara ya kwanza mwajiri wa daktari wa Mbita alikuwa katika mji wa Homa Bay. Ukaribu huo ulikuwa na neema, maana boti za wagonjwa, zahanati za visiwani na vyumba vya upasuaji vilianza kupangwa na watu wanaolijua ziwa. Ulikuwa na dhiki pia: mgao wa fedha kutoka Nairobi ukichelewa, mishahara ilichelewa, na daktari aliyetaka kwenda kusomea ubingwa hakujua aombe ruhusa kwa nani.

Mkataba wa pamoja uliotiwa saini Juni 2013 kati ya serikali na madaktari haukutekelezwa, na matokeo yake yakawa mgomo wa siku 100, kuanzia Desemba 5, 2016 hadi Machi 14, 2017. Viongozi wa chama walifungwa jela Februari mwaka huo. Wagonjwa wenye uwezo walikwenda hospitali za binafsi. Wasio na uwezo walibaki nyumbani. Katika kipindi hichohicho serikali kuu ilikodi mitambo ya kisasa kwa ajili ya hospitali 98 nchini, na baadhi ya mashine zikakaa bila kazi kwa kukosa wataalamu na umeme wa kutosha. Mwaka 2018 madaktari 100 kutoka Cuba waliletwa kusaidia kaunti, wakati madaktari Wakenya waliohitimu wakisubiri kuajiriwa. Machi 2024 mgomo mwingine ulianza, ukadumu siku 56. Kiini chake kimojawapo kilikuwa pendekezo la kuwalipa madaktari wanagenzi shilingi 70,000 kwa mwezi, badala ya takriban 206,000 zilizokubaliwa katika mkataba wa baadaye. Kijana anayeanza kazi katika mazingira hayo huanza kufikiria kliniki yake kabla ya kumaliza mwaka wa kwanza wodini.

Wakati Afrika Mashariki ilipokuwa ikipambana na upungufu, Marekani ilikuwa imezaa aina mpya kabisa ya tiba ya binafsi. Mwaka 1996, mjini Seattle, daktari Howard Maron, aliyewahi kuwatibu wachezaji wa mpira wa kikapu wa mji huo, alianzisha na mwenzake kliniki iliyowahudumia wachache kwa ada kubwa ya mwaka. Mwaka 2000 kampuni ya MDVIP ilianza Florida kwa bei nafuu zaidi, kila daktari akiwa na wagonjwa wasiozidi 600, ilhali daktari wa kawaida wa familia huko aliwabeba zaidi ya 2,000. Madaktari waliojiunga walitoa sababu zinazofanana: makaratasi ya bima yaliyokula siku nzima, dakika chache kwa kila mgonjwa, na uchovu uliowamaliza. Walichouza kwa ada ya mwaka ni muda, simu inayopokelewa usiku, na daktari anayejua historia ya nyumba nzima. Nairobi nako wapo madaktari wanaotembelea familia majumbani, wanaopokea simu za wateja wachache na kulipwa na kampuni au na kadi za bima ghali. Sababu za daktari wa Florida na za daktari wa Kenya zinakutana mahali pamoja. Kila mmoja alikuwa akifanya kazi kwa mlipaji aliyemnyima muda na vifaa vya kutibu kama alivyofundishwa, naye akamtafuta mlipaji atakayempa. Tofauti ni kwamba Florida daktari akiondoka, wagonjwa wake humtafuta mwingine kwa taabu. Suba, wakati mwingine hakuna mwingine.

Tazama asubuhi moja ya kawaida katika mji wa ziwani wa namna hii. Mama kutoka kisiwani ameshuka kwenye boti na mtoto mwenye homa. Mkononi ana daftari la shule alilonunua dukani, ndiyo faili lake la hospitali, na ndani yake kuna mwandiko wa watu sita au saba waliomwona mtoto huyo tangu azaliwe, bila mmoja wao kumwona mara mbili. Anapanga foleni, anapimwa malaria, anaandikiwa dawa, anaambiwa nusu yake hazipo. Mchana anavuka barabara hadi kliniki ya kulipia. Humo anakutana na sura aliyoiona asubuhi kwenye korido, tabibu yuleyule, ambaye sasa ana dakika ishirini za kumsikiliza na kabati lenye dawa. Analipa kwa simu. Hakuna aliyefanya uovu katika mchana huo. Tabibu ana watoto shuleni na mshahara uliochelewa. Mama ana mtoto mgonjwa. Uwezo wa kutibu upo mjini, umegawanyika tu kati ya pande mbili za barabara, na upande wa kulipia ndio unaopata muda.

Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii ilichukua nafasi ya ile Hazina ya Taifa ya Bima ya Hospitali ya mwaka 1966, na wafanyakazi wakaanza kukatwa asilimia 2.75 ya mishahara yao. Ahadi yake ni kwamba fedha zitamfuata mgonjwa hadi zahanati ya mwisho kisiwani. Miezi michache baadaye, Januari 2025, serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na wahudumu wengi waliolipwa na miradi ya Ukimwi katika kaunti za ziwani walijikuta bila kazi. Mlipaji mmoja alilegea kabla mwingine hajasimama imara, na hospitali, za umma na za binafsi, zimeshalalamikia malipo yanayochelewa. Kwa mtu aliyefuata mkondo wa karne hii, hatari inajulikana. Bima isiyolipa kwa wakati itafanya kile kilichofanywa na ada za mwaka 1989 na mkataba uliovunjwa wa 2013: itamsukuma daktari nje, na nje kuna wateja wanaomngoja.

Hukumu ya historia hii iko wazi. Lawama kwa madaktari hazikuwahi kumrudisha hata mmoja wodini, na marufuku ya Tanzania yalionyesha kwamba sheria haiwezi kumshika pale ambapo hazina imemwacha. Daktari alibaki kwa umma katika vipindi vile tu ambapo alikuwepo mlipaji aliyemlipa kwa wakati, akampa dawa na vifaa, na akamheshimu: Kendu ya wamisionari, miaka ya kwanza ya uhuru, wodi za Ukimwi za Homa Bay baada ya 2001. Vipindi hivyo vilikuwa halisi, na vilifanyika hapahapa Nyanza. Basi watu wa Mbita, Rusinga, Mfangano na Migori wanapokwenda kwenye vikao vya bajeti ya kaunti, waulize maswali matatu kabla ya kuuliza juu ya majengo mapya. Mishahara ya wahudumu ililipwa tarehe ngapi? Dawa zilikaa ghalani siku ngapi bila kuisha? Bima ilidaiwa kiasi gani na imelipa kiasi gani? Kaunti itakayoweza kujibu maswali hayo bila aibu ndiyo itakayobaki na madaktari wake.